BOMBA LA PIKIPIKI LISILIWE NA KUTU
Namna ya kuutunza mng'aro wa kromu

Katika Kenya ya leo pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati usiku wa manane, ndiyo ifikishayo maziwa kiwandani kabla hayajaganda, na ndiyo inayowapatia vijana wengi riziki yao ya kila siku. Jina la boda boda lilianza kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Siku hizi jina hilo limeshikwa na pikipiki nchi nzima, mijini na mashambani. Basi mali yenye faida namna hii yastahili kutunzwa, wala utunzaji wenyewe si kutia petroli na mafuta ya injini tu.

Na ichukuliwe mfano wa ndugu wawili walionunua pikipiki za namna moja, siku moja, katika duka moja, kwa mkopo wa chama chao. Baada ya miaka miwili yule mkubwa anataka kuuza ya kwake apate karo ya mtoto anayeingia sekondari. Mzee mnunuzi anafika, anaizunguka pikipiki mara moja, kisha anachutama na kulitazama bomba la moshi. Limejaa madoa mekundu ya kutu, na karibu na injini limegeuka rangi ya buluu na zambarau.

"Kijana wangu," asema mzee, "ikiwa hiki kinachoonekana na kila mtu hakikutunzwa, kile kisichoonekana kikoje?"

"Mzee, injini ni nzima kabisa," ajibu mwenye pikipiki.

Huenda injini ni nzima kweli, lakini bei imekwisha kushuka, na karo haitatimia. Pikipiki ya ndugu mdogo imesimama karibu nayo, imekwenda safari zile zile katika barabara zile zile, na bomba lake bado linang'aa. Tofauti ya pikipiki hizi mbili haikuletwa na bahati. Imeletwa na kitambaa, sabuni, na dakika chache za kila juma. Hapa chini yaelezwa mambo ambayo kila mwenye pikipiki yafaa ayajue ili asije akaingia katika hasara ya yule ndugu mkubwa.

KROMU NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kuwa bomba linalong'aa limetengenezwa kwa kromu tupu. Sivyo. Bomba lenyewe ni chuma cha kawaida, chuma kile kile kinachoshika kutu upesi kikiachwa nje kwenye mvua. Juu ya chuma hicho kiwandani hupakwa tabaka la madini yaitwayo nikeli, kwa nguvu za umeme, na juu ya nikeli ndipo hupakwa kromu. Nikeli ndiyo hasa izuiayo maji yasifike kwenye chuma. Kazi ya kromu ni kuilinda nikeli isikwaruzike wala kufifia, na kulipa bomba mng'aro wake mweupe ulio kama kioo.

Kromu iligunduliwa na mtaalamu wa Ufaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, kwa sababu chumvi za madini haya zina rangi nyingi za kupendeza. Mawe yenye kromu huchimbwa kwa wingi Afrika ya Kusini, na pia Zimbabwe, Uturuki na Kazakhstan. Ustadi wa kuipaka juu ya vyuma vingine kwa umeme ulienea viwandani katika miaka ya 1920, na tangu wakati huo magari na pikipiki zikaanza kupambwa nayo.

Jambo kubwa la kukumbuka ni wembamba wa tabaka hilo. Kwa kawaida kromu ya mapambo haizidi nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Yaani matabaka mia mbili yakipangwa moja juu ya jingine, ndipo unene wake utakapofikia unene wa karatasi moja ya daftari. Kwa hiyo mtu asugapo bomba lake kwa mchanga, akidhani anasafisha, kwa kweli anaiondoa ngozi nyembamba ambayo haitarudi tena.

KUTU HUINGIA KWA NJIA GANI?

Kutu ni matokeo ya vitu vitatu kukutana: chuma, maji, na hewa ya oksijeni. Kikikosekana kimoja katika hivyo, kutu haitokei. Kromu yenyewe haishiki kutu nyekundu, kwa kuwa ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba sana unaoilinda, na utando huo ukikwaruzwa hujifanya upya. Lakini katika ngozi ya kromu mna nyufa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Tena changarawe zinazorushwa na gurudumu la mbele hupiga bomba siku zote na kufungua matundu mengine. Maji hupenya humo, huipita nikeli mahali palipo pembamba au palipokwaruzika, hata yakakifikia chuma.

Yakisha kukifikia chuma, uharibifu huenda mbio kuliko kama chuma kingekuwa kitupu. Sababu yake ni kwamba madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana mahali penye maji ya chumvi au ya uchafu, hufanya kazi kama betri ndogo, na lile lililo dhaifu ndilo liliwalo. Hapo dhaifu ni chuma. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; basi hufura chini ya ngozi, huinua kromu na nikeli, na mwisho ngozi hubanduka vipande vipande. Ndiyo maana doa dogo kama kichwa cha sindano mwezi huu laweza kuwa kama shilingi miezi michache baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chumvi huzidisha mambo hayo sana. Mwenye pikipiki akaaye Mombasa, Malindi au Lamu, hewa ya bahari humletea chumvi hata kama hapiti ufukweni. Kule Magadi vumbi la magadi hushika kila kitu. Lakini hata mtu wa Kitale au Nyeri, aliye mbali na bahari, aweza kujiletea chumvi mwenyewe kwa mizigo aibebayo. Mbolea ya dukani ni chumvi chumvi inayovuta maji hewani; mfuko ukipasuka kidogo, chembe zake huangukia bombani na kuanza kula chuma. Mkojo wa mbuzi na kinyesi cha kuku wanaopelekwa sokoni ni vivyo hivyo. Kila abebapo mizigo ya namna hii, na atandike gunia au turubai chini ya mzigo, mbali na bomba lisije likaungua, na alioshe bomba siku ile ile likisha kupoa. Asingoje Jumamosi.

ADUI ALIYE NDANI

Watu hupigana na kutu ya nje na kuisahau ile ya ndani, nayo ndiyo itoboayo mabomba mengi. Petroli ikiungua hutoa maji. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ni kweli: lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Injini ikiwa na joto la kutosha mvuke huo hutoka nje pamoja na moshi. Lakini bomba likiwa baridi, mvuke huganda na kuwa maji ndani yake, kama mvuke wa chungu unavyoganda kwenye kifuniko. Maji hayo huchanganyika na moshi na masizi yakapata ukali kama wa siki, yakakaa chini ya bomba usiku kucha yakilila.

Kwa hiyo pikipiki iendayo safari fupi fupi tu, kutoka nyumbani hadi dukani na kurudi, hushika kutu ndani upesi kuliko ile iendayo safari ndefu. Yafaa iendeshwe walau mara moja kwa juma kwa muda wa dakika ishirini au zaidi bila kusimama, ili bomba lote lipate joto na maji yakauke. Tena haifai kuiwasha pikipiki iliyowekwa ghalani kwa dakika mbili tatu kila siku "ili ipate moto" kisha kuizima. Kufanya hivyo ni kulijaza bomba maji kila siku.

Mabomba mengi yana kitundu kidogo upande wa chini karibu na mwisho. Wengine wakikiona huona ni kasoro, wakakiziba kwa gundi au kumwita fundi akichomelee. Hilo ni kosa. Kitundu hicho kimewekwa kiwandani makusudi ili maji yapate kutoka. Na kisafishwe kwa waya mwembamba kikizibwa na matope, wala kisizibwe kamwe.

RANGI YA BULUU NA YA MANJANO YATOKA WAPI?

Kugeuka rangi si kutu. Bomba likipata joto kupita kiasi, utando ule mwembamba ulio juu ya kromu huzidi unene. Mwanga ukiupiga, sehemu hurudi kutoka juu ya utando na sehemu kutoka chini yake, na kukutana kwake ndiko kutoako rangi, kama zionekanavyo rangi katika povu la sabuni au katika mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kwanza huja manjano hafifu, halafu hudhurungi, kisha zambarau, na mwisho buluu. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo rangi inavyosogea kuelekea buluu.

Rangi kidogo karibu na injini si ajabu katika bomba lenye ukuta mmoja, maana moshi utokapo injini ikifanya kazi ngumu aghalabu joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Mabomba mengine yana kuta mbili, bomba ndani ya bomba, na hayo hayageuki rangi upesi. Lakini buluu iliyokolea na inayoenea mbali ni kama homa kwa mgonjwa: si ugonjwa wenyewe, ni dalili yake. Mtu akiifuta bila kutafuta sababu, itarudi kabla ya juma kwisha. Sababu zenyewe ni hizi:

Ya kwanza, petroli kuwa haba kuliko hewa. Mchanganyiko wa namna hiyo huungua polepole na kwa joto kali, hata moshi ukatoka bado unawaka. Jambo hili hutokea kabureta ikiwa na uchafu katika vitundu vyake, au fundi akiwa ameirekebisha vibaya ili kubana matumizi ya petroli. Hutokea pia mtu akiondoa kichujio cha hewa, au akilikata bomba ili litoe kelele. Wapo vijana wapendao kelele hizo, lakini hulipa kwa joto la injini na kwa petroli.

Ya pili, hewa kuingia mahali pasipotakiwa. Gasketi iliyo kati ya bomba na injini ikichakaa, au nati zake zikilegea kwa mitikisiko ya barabara mbovu, hewa hunyonywa ndani na kuuwasha moshi upya. Dalili yake ni milio ya kupasuka pasuka bombani dereva aachiapo mafuta akiteremka mlima. Mpira uunganishao kabureta na injini ukipasuka, matokeo yake ni kama ya sababu ya kwanza.

Ya tatu, cheche ya plagi kuchelewa, au vali ya moshi kubanwa isifunge sawasawa. Hizi ni kazi za fundi mwenye vipimo, si za kubahatisha.

Ya nne, injini kunguruma muda mrefu pikipiki ikiwa imesimama. Bomba hupozwa na upepo wa safari. Pasipo safari hapana upepo.

Iko njia rahisi ya kuijua hali ya mchanganyiko bila vyombo vya gharama. Injini ikisha kwenda mwendo mzuri na kupoa, ifunguliwe plagi na kutazamwa ncha yake. Ikiwa na rangi ya hudhurungi nyepesi, kama chai ya maziwa, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni haba. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, injini inaunguza mafuta yake na yafaa ipelekwe kwa fundi.

KAZI YA KILA JUMA

Kulitunza bomba hakuhitaji dawa za ghali. Kwanza, ni lazima bomba liwe limepoa kabisa hata liguswe kwa mkono. Si vyema kulimwagia maji baridi likiwa la moto, kama wafanyavyo wale waingiao na pikipiki moja kwa moja mtoni. Chuma hujikunja ghafla, na kromu isiyoweza kukifuata hupata nyufa zaidi. Tena sabuni na mafuta yaoshwayo mtoni huwadhuru watu na mifugo wanywao maji upande wa chini. Ndoo mbili za maji safi zatosha.

Matope yalowekwe kwanza kwa maji mengi yaanguke yenyewe, kwa kuwa kuyafuta yakiwa makavu ni sawa na kusugua kwa msasa. Kisha bomba lioshwe kwa kitambaa laini na sabuni ya kawaida isiyo kali. Upande wa chini na nyuma, pasipoonekana, ndipo paoshwe zaidi, maana ndipo kutu ianziapo. Lisuzwe kwa maji safi, likaushwe kwa kitambaa kikavu, hasa penye mikunjo na vikazio. Mwisho pikipiki iendeshwe kwa muda wa kutosha ili maji yaliyoingia ndani yatoke.

Kabla ya kuiwasha injini, alama za vidole na mafuta yaliyodondoka zifutwe zote. Mafuta ya vidole yakipikwa na joto huacha alama ya hudhurungi ambayo ni shida kuiondoa. Mara moja kwa mwezi nta ya kung'arishia magari yaweza kupakwa kwenye sehemu ya nyuma ya bomba isiyopata joto kali. Karibu na injini nta haina faida, kwa maana huungua na kuacha madoa.

Pikipiki itakayowekwa bila kutumiwa kwa majuma mengi, na iendeshwe kwanza mpaka ipate joto lake lote, iachwe ipoe, kisha bomba lipakwe nje mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa na mdomo wake uzibwe kwa tambara. Siku ya kuitumia tena tambara litolewe na mafuta yafutwe yote kabla ya kuwasha. Ghala liwe pakavu na lenye kupitisha hewa; turubai la nailoni lililofunikwa juu ya pikipiki yenye maji huyafungia maji ndani.

MADOA YA KUTU YAKISHA KUTOKEA

Madoa madogo yaweza kuondolewa kwa karatasi ya alumini, ile itumiwayo kufungia chakula. Ikunjwe kama donge, ichovywe katika maji, na doa lisuguliwe polepole bila kutumia nguvu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, lakini yatosha kuibandua kutu iliyokaa juu. Baada ya muda utatokea uji mweusi. Uoshwe, bomba likaushwe vizuri, kisha lipakwe nta mahali pasipo joto kali. Ikumbukwe kwamba kitundu kilichokwisha kufika kwenye chuma hakiwezi kuzibwa kwa kusugua. Kinachopatikana ni kuisimamisha kutu, na doa litarudi lisipoangaliwa.

Rangi ya manjano au buluu huondolewa kwa dawa laini ya kung'arishia vyuma, kwa kitambaa na uvumilivu. Ifanyike mara chache tu, baada ya sababu ya joto kutengenezwa, kwa kuwa kila kusugua hupunguza kromu.

Jambo jingine liwasumbualo waendeshaji ni mifuko ya plastiki, makoti ya mvua na soli za viatu zilizoyeyuka na kugandia bombani. Doa la namna hii lisikwanguliwe kwa kisu. Injini iwashwe dakika chache hata plastiki ilainike, kisha izimwe na plastiki ikwanguliwe kwa kipande cha mti, mtu akiwa mwangalifu asiungue. Mabaki yafutwe bomba likisha kupoa.

MAMBO YA KUEPUKWA

Mchanga, matofali yaliyosagwa, msasa, na waya mgumu wa kusugulia sufuria visitumiwe katika kromu. Vyaweza kuondoa kutu ya leo, lakini hufungua njia kwa kutu ya kesho.

Maji ya betri ni asidi kali. Hula chuma, hutoboa nguo, na hupofusha macho. Dawa za kuondolea uchafu chooni nyingi zina asidi ambayo huiyeyusha kromu yenyewe, na dawa za kung'arishia nguo nyeupe zina klorini iharibuyo vyuma. Ndimu au siki si kali kiasi hicho, lakini zikitumiwa zisiachwe zikakauka. Zioshwe mara moja kwa maji mengi.

Tena petroli isitumiwe kusafishia bomba. Moshi wake hushika moto upesi, na bomba lililo moto latosha kuuwasha. Wako watu walioungua kwa kazi ndogo kama hiyo.

BOMBA LILILOKWISHA KUHARIBIKA

Kromu ikisha kubanduka sehemu kubwa, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Kuipaka upya ni kazi ya kiwanda chenye vyombo vyake, wala mtu asijaribu kuifanya nyumbani. Maji yatumiwayo katika kazi hiyo mara nyingi huwa na kromu ya namna yenye sumu, ambayo imethibitishwa kuwa huleta saratani kwa wale wavutao mvuke wake. Fundi anayechomelea bomba lenye kromu naye yampasa aiondoe kromu mahali pa kuchomelea, afanye kazi hiyo nje penye upepo, na asivute moshi wake.

Njia ya gharama ndogo ni kulipaka bomba rangi nyeusi inayostahimili joto. Rangi ya kawaida ya mlango haifai, maana huungua siku ya kwanza. Bomba lisuguliwe kwa msasa mpaka kutu yote iondoke na chuma kionekane (hapa ndipo msasa unaporuhusiwa), lifutwe mafuta yote, kisha lipakwe rangi mara mbili tatu, kila mara nyembamba, likiachwa likauke katikati. Halafu injini iwashwe kwa vipindi vifupi vifupi ili rangi iive kidogo kidogo kama yasemavyo maelezo ya kopo. Bomba kama hilo halitang'aa, lakini litadumu.

Ikiwa bomba limetoboka, hilo si jambo la sura tena, ni jambo la usalama. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Pikipiki yoyote isiwashwe ndani ya nyumba au ghala lililofungwa. Tundu lililo karibu na miguu laweza kumchoma abiria au kuunguza nguo yake. Vivyo hivyo kikinga-joto kilichofungwa juu ya bomba kisiondolewe kwa sababu kimelegea au kinapiga kelele. Kikazwe skrubu zake. Akina mama wanaobeba watoto, na watoto wenyewe, ndio waunguzwao miguu mara kwa mara wapandapo au washukapo upande wenye bomba. Dereva mwema huwaelekeza abiria wake wapande na kushuka upande mwingine.

NENO LA MWISHO

Mambo yaliyoelezwa hapa ni mengi, lakini kazi yenyewe ni ndogo. Kuosha kwa sabuni na kukausha kila juma. Kuondoa mbolea, chumvi na mkojo wa wanyama siku ile ile. Kukaza nati za bomba na kuangalia gasketi. Kuitazama plagi mara moja kwa mwezi. Na kwenda safari ya kutosha ili maji ya ndani yakauke. Hayo yote hayafiki gharama ya bomba moja jipya.

Yule ndugu mkubwa wa mfano wetu hakukosa fedha ya kulitunza bomba lake, alikosa tu kuamini kwamba kitu kidogo kama doa chaweza kumgharimu karo ya mwanawe. Laiti angalimuuliza mdogo wake mapema, angalionyeshwa kitambaa kile kining'iniacho nyuma ya mlango na kipande cha sabuni kando yake. Lakini hajachelewa kabisa. Pikipiki ya pili atakayoinunua itakuja na bomba jipya, na Jumamosi ya kwanza ndiyo siku ya kuanza.